Geti Likigusa Chini, Nani Alitengeneze?

Leo ukurasa wetu wa ndoa unatoka sebuleni na kwenda hadi mwisho wa boma, pale penye geti la mbao. Huenda mtashangaa, kwa kuwa mmezoea kusoma hapa habari za mapenzi, za malezi na za fedha. Lakini mtu anayewasikiliza watu wa ndoa huku kwetu Meru na Embu hugundua upesi kwamba maneno makali mengi ya nyumbani yalianzia kwenye kitu kidogo kilichoachwa siku nyingi: paa linalovuja juu ya kitanda, jiko linalojaza moshi, au geti lililolegea ambalo kila anayelifungua lazima alinyanyue.

Tuseme ni boma moja juu ya Runyenjes. Mama anaamka saa kumi alfajiri, anakamua, kisha anapeleka maziwa barabarani kulingoja gari. Mkono mmoja una mkebe wa maziwa, mwingine una tochi. Akifika getini anaweka mkebe chini, anaingiza bega chini ya ubao wa juu, ananyanyua, anasukuma, anarudi kuchukua mkebe, anatoka, anauweka chini tena ili afunge. Asipofunga, ng'ombe atatoka na kuingia katika mahindi ya jirani, na hapo ni kesi. Baba anaondoka saa moja, wakati watoto wa shule wamekwisha kulifungua geti na kuliacha wazi. Jioni akirudi kwa bodaboda, mtoto mmoja husikia mlio wa pikipiki na kukimbia kumfungulia. Basi katika boma hilo moja kuna mageti mawili. Moja ni zito kama mzigo wa kuni, na jingine halina neno.

Mama akisema, "Baba watoto, hilo geti litanivunja mgongo," baba husikia kwamba ameitwa mvivu. Anajibu, "Ngoja bonasi ya chai, nitaweka geti la chuma." Bonasi kwa kawaida huja Oktoba, na ikija inakuta karo na deni la mbolea vikiisubiri mlangoni. Geti la chuma linasogezwa mwaka mwingine. Mama anaacha kusema. Anachukua kamba ya gunia na kulifunga geti kwenye nguzo, na kamba ile inakaa pale mchana na usiku. Jirani akipita anaiona. Baba naye anaiona, na kila akiiona anahisi ametangazwa.

Je, ndugu msomaji, unaijua kamba hiyo? Iko katika maboma mengi. Na siku mtoto akishikwa na homa kali usiku wa manane, gari limekuja kumchukua na fundo limelowa mvua lisifunguke, ndipo watu wazima wawili husemezana maneno wasiyoweza kuyarudisha.

Somo letu la leo ni jinsi ya kulitengeneza geti hilo. Hakuna haja ya kungoja bonasi. Mara nyingi kazi yenyewe ni ya nusu siku, na vifaa vyake ni vichache. Ila ni kazi ya watu wawili, na mtaona sababu yake.

KWANZA TAZAMENI, KISHA MSEME

Tafuteni saa moja yenye mwanga mkiwa wote wawili nyumbani, kwa mfano Jumapili mkisha rudi kutoka kanisani na kula. Msichukue nyundo bado. Chukueni kisu, futi ya kupimia, na uzi uliofungwa jiwe dogo mwishoni, ambao ndio timazi ya maskini. Watoto wasogee mbali, kwa sababu geti lililolegea ni zito na laweza kumwangukia mtu.

Mmoja ashike ncha ya geti upande wa komeo na kuinyanyua polepole mpaka pale inapopaswa kuwa. Mwingine asimame upande wa bawaba (mafundi wengi huziita hinji) na kutazama ni kitu gani kinachocheza. Je, nguzo yenyewe inarudi nyuma? Bawaba inaingia na kutoka kwenye mbao? Au nguzo na bawaba zimetulia kabisa, lakini pembe za geti ndizo zinazojikunja?

Halafu mbadilishane. Kubadilishana huku msikuruke. Aliyekuwa akitazama sasa anausikia uzito ule begani kwake, na aliyekuwa akinyanyua kila alfajiri anapata nafasi ya kuona uzito unatoka wapi. Katika saa hiyo kanuni ni moja: kila mmoja aseme alichokiona, asiseme nani alikosa. "Skurubu ya juu imetoka nusu" ni habari, fundi anaweza kuifanyia kazi. "Nilikwambia tangu Pasaka" haimsaidii fundi yeyote.

NI GETI LIMESHUKA AU NI UDONGO UMEPANDA?

Kabla ya kulaumu mbao, tazameni miguuni penu. Nchi yetu kutoka Manyatta hadi Runyenjes, na kutoka Chuka kupitia Chogoria hadi Nkubu, ni ya miinuko na mabonde. Mvua kubwa ikinyesha, udongo mwekundu huteremka na maji, na mahali unapopenda kutulia ni pale getini, kwa sababu geti huuzuia. Baada ya misimu michache ardhi imepanda kiganja kizima. Wako watu walionunua bawaba mpya wakati dawa yao ilikuwa jembe.

Shikeni uzi wenye jiwe kando ya nguzo. Kama nguzo imesimama sawa na uzi, na mwanya kati ya geti na nguzo ni uleule juu na chini, na ubao wa juu wa geti haujainama, basi geti halina ugonjwa. Chimbeni udongo ule utoke, kisha mkate mfereji mdogo upande wa juu ili maji yapite kando. Fanyeni hivyo kabla ya mvua za Machi hadi Mei, tena kabla ya zile za Oktoba hadi Desemba, ambazo sehemu nyingi za Meru ndizo huzitegemea zaidi. Acheni nafasi ya inchi mbili au tatu chini ya geti. Kuku watapita, ndiyo, lakini kuku hupita popote.

Jambo jingine la nchi ya miinuko ni geti linalofunguka kuelekea mlimani. Hilo litagusa chini hata likiwa jipya, kwa sababu linakifuata kilima. Ligeuzeni lifungukie upande wa bonde, ikiwa halitaingia barabarani.

NGUZO IKIINAMA

Geti ni kama mtu aliyenyoosha mkono huku ameshika ndoo ya maji. Kadiri mkono unavyokuwa mrefu ndivyo bega linavyoumia. Bawaba ya juu inavutwa kutoka kwenye nguzo, ile ya chini inasukumwa ndani. Na nguzo nzima inavutwa kuelekea uwazi wa geti. Uzito huo hukua upesi kuliko watu wanavyodhani. Geti la upana wa futi 10 huivuta nguzo yake mara nne ya geti la futi 5 lililoundwa kwa mbao zilezile, kwa kuwa uzito umekuwa mara mbili na urefu wa mkono nao umekuwa mara mbili. Ndiyo sababu mahali pa kupitisha gari ni afadhali kuweka mageti mawili ya futi 5 yanayokutana katikati, kila moja na nguzo yake.

Chomeni kisu kwenye nguzo pale inapoingia ardhini. Hapo ndipo nguzo huoza kwanza, kwa sababu ndipo unyevu na hewa hukutana. Kisu kikiingia kama kwenye ndizi mbivu, nguzo hiyo imekwisha kazi, na hakuna bawaba itakayoiokoa. Kikigonga mbao ngumu, nguzo ni nzima ila imelegea tu, nayo yaweza kusimamishwa tena.

Kuisimamisha si kuipiga mateke na kushindilia udongo juu juu. Nguzo iliyoinama kuelekea uwazi wa geti huegemea sehemu mbili: karibu na uso wa ardhi inausukuma udongo wa upande wa uwazi, na kule chini kabisa kisigino chake kinausukuma udongo wa upande wa ua. Basi chimbeni kuizunguka, mmoja aivute mpaka ilingane na uzi, mwingine atie jiwe kubwa bapa chini kabisa upande wa ua, na jingine karibu na uso wa ardhi upande wa uwazi. Mawe hayo mawili yakikaa mahali pake hufanya kazi kuliko toroli zima la kokoto lililotupwa ovyo. Jazeni udongo kidogo kidogo, kila kiganja kimoja mshindilie kwa mtaimbo au mpini wa jembe, kisha kiganja kingine. Anayeishika nguzo asiiachilie mpaka mwenzake amalize. Hapa ndipo mtu aliyeamua kufanya peke yake, kwa hasira, hugundua kwamba ana mikono miwili tu.

Mkiweka nguzo mpya, ichimbieni futi mbili na nusu hadi tatu. Wanaoweza kununua saruji wachanganye kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Lakini msiifanyie nguzo kikombe cha zege kilichozibwa chini, maana maji yatakaa ndani na kuiozesha. Tangulizeni kokoto chini ili maji yapite, zege lizunguke ubavuni, na juu literemke kidogo kutoka kwenye nguzo pande zote.

Hapa wengi wataniuliza, "Je, ule mti ulio hai mpakani?" Ni kweli, katika maboma mengi geti limeshikizwa kwenye mgrevilea uliosimama, ule tunaouita mukima. Mti haugharimu chochote wala hauozi. Lakini mti hunenepa. Baada ya miaka kadhaa huimeza bawaba, na geti lililokuwa likifunga vizuri linabanwa. Mkiutumia, tumieni bolti ndefu inayotoka upande wa pili yenye nati mnayoweza kuilegeza kila mwaka.

MBAO GANI?

Mukima ndiyo mbao yetu ya kila siku, na kwa geti lenyewe inafaa kabisa, hasa kwa kuwa ni nyepesi. Haifai kuzikwa ardhini, kwa maana mchwa huipenda. Kosa kubwa la wengi ni kununua mbao mbichi iliyotoka msumenoni asubuhi na kuipiga msumari jioni. Mbao hiyo ikikauka hupungua, matundu ya misumari hulegea, na mnajikuta mmerudi mlipoanza. Mbao ya unene wa inchi moja ipangwe kivulini, na vijiti katikati ili upepo upite, miezi miwili au mitatu. Tangu Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, wengi walijifunza thamani ya miti ya mpakani mwao. Basi msiiharibu mbao yenu kwa haraka.

Kwa nguzo, mtarakwa wa zamani hauna mfano. Mkibomoa boma la babu na kukuta nguzo ya mtarakwa, msiitie motoni hata kama ni nyeusi. Chini kwenye joto, Siakago, Kiritiri na Ishiara, watu wana mukau, ambao kiini chake huwashinda mchwa. Dukani mtapata nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani kidogo. Hizo ni nzuri, ila mkizikata, ule upande uliokatwa ukae juu, usizikwe, kwa sababu dawa haikufika katikati. Na vipande vyake visichomwe jikoni hata kidogo, kwa kuwa dawa ile ni sumu. Oili chafu ya gari ambayo wengi huipaka chini ya nguzo huwachelewesha mchwa kidogo, lakini huharibu udongo na maji. Karibu na kisima au bustani ya sukuma msiitumie.

Muuru, ile mbao ambayo wafanyabiashara huiita Meru oak, ni nzuri mno kwa geti. Mwenye muuru atengeneze kitanda.

UBAO WA MSHAZARI

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Mkiona nguzo na bawaba zimetulia, lakini geti lenyewe limelala upande kama sanduku lililokanyagwa, ugonjwa uko kwenye fremu. Na mara tisa kati ya kumi mtakuta ama hakuna ubao wa mshazari, ama upo lakini umewekwa kinyume.

Tazameni geti lililoshuka. Pembe ya juu upande wa bawaba imekwenda mbali na pembe ya chini upande wa komeo. Na pembe ya chini upande wa bawaba imekaribia pembe ya juu upande wa komeo. Kwa mfano, geti la upana wa futi 5 na urefu wa futi 4 likishuka inchi mbili, mtapima inchi 78 hivi kutoka pembe hadi pembe upande mmoja, na inchi 75 na nusu upande wa pili. Lilipokuwa jipya vipimo vyote viwili vilikuwa inchi 77 kasoro kidogo.

Ubao ni hodari wa kusukuma. Si hodari wa kuvuta, kwa maana misumari iliyoushika mwishoni itachomoka. Kwa hiyo ubao wa mshazari lazima uwekwe mahali ambapo pembe zinataka kukaribiana, ili uzizuie. Yaani uanzie CHINI upande wa BAWABA, upande hadi JUU upande wa KOMEO. Uzito wa ncha ya geti unashuka kupitia ubao huo hadi bawaba ya chini, na nguzo inaupokea. Mkiuweka kinyume, kutoka juu upande wa bawaba, ubao unaning'inia tu kwa misumari. Unaongeza uzito bila kusaidia. Mageti mengi ninayoyaona nikipita barabarani kutoka Embu hadi Meru yana kosa hili, na mengine yametengenezwa na mafundi wenye jina.

Waya ni kinyume cha ubao. Waya hauwezi kusukuma chochote, lakini kwa kuvuta hauna mshindani. Basi asiye na ubao atumie waya, uanzie JUU upande wa BAWABA ushuke hadi CHINI upande wa KOMEO. Pitisheni waya mara mbili kati ya pembe hizo, tieni msumari mkubwa au kijiti kigumu katikati ya nyuzi mbili, na mkizungushe. Waya unajisokota, unafupika, na ncha ya geti inapanda mbele ya macho yenu. Kisha fungeni kijiti kisirudi nyuma. Dawa hii ni ya siku moja, hugharimu mita chache za waya, na kwa geti jepesi yaweza kukaa miaka.

Wanaotaka kufanya kazi kamili walishushe geti. Tangulizeni matofali au magogo chini yake libaki limekaa, fungueni bawaba ya chini kwanza, ya juu iwe ya mwisho, na watu wawili walibebe. Lilazeni mahali palipo sawa. Fungeni kamba kwenye zile pembe mbili zilizo mbali, izungusheni kwa kijiti mpaka pembe zivutane, huku mmoja akipima na mwingine akizungusha. Vipimo viwili vya pembe hadi pembe vikilingana, simameni hapo. Kwa geti dogo la kupitia watu lenye upana wa futi 3 na urefu wa futi 4 kipimo ni rahisi kukumbuka: kila upande lazima usome futi 5 kamili.

Ndipo mkate ubao wa mshazari, wa inchi tatu kwa mbili au nne kwa mbili. Ukate uingie kwa kubana kati ya mbao za kulala, ncha zake zikiwa zimeegemea mbao hizo barabara. Ukipigiliwa juu ya uso tu, ni misumari inayobeba, na misumari huchoka. Kwenye pembe tumieni bolti na washa kama mnaweza. Kama ni misumari, ichagueni mirefu itokee upande wa pili, kisha ipindeni na kuigonga ilale. Kabla ya kupiga msumari karibu na mwisho wa ubao wa mukima, gongeni ncha yake kidogo iwe butu, nao ubao hautapasuka.

Bawaba ya juu ndiyo inayovutwa, kwa hiyo bolti ndefu kuliko zote ziende huko. Skurubu iliyochomoka msiirudishe kwenye tundu lilelile, kwani haitashika. Zibeni tundu kwa kijiti kikavu cha mbao ngumu chenye gundi, au msogeze bawaba inchi mbili juu mpate mbao nzima.

NANI ASHIKE NYUNDO?

Wengine husema mke akishika nyundo anamvunjia mumewe heshima. Mbona akishika jembe kutwa nzima hakuna anayesema neno? Kama mkono wake ndio ulio thabiti, apige yeye msumari na mume azungushe kijiti. Na mume ambaye hakuwahi kufundishwa kazi ya mbao asijifanye fundi mbele ya watoto hadi ajiumize kidole. Hakuna aibu kumwita fundi. Ila mkiwa mmekwisha kutazama pamoja, mtamwambia fundi ugonjwa uko wapi, naye hatawauzia nguzo mbili mpya wakati kilichohitajika ni mita nne za waya.

Kuna nyumba nyingi ambazo mume yuko Nairobi au Mombasa na huja mwisho wa mwezi. Mama akimwita fundi kimya kimya, mume akirudi hulikuta geti limebadilika na kujiuliza ni kitu gani kingine kimebadilika bila yeye. Akingoja miezi mitatu nayo, mgongo ni wake. Ushauri wangu ni kwamba ampigie simu akiwa amesimama palepale getini, amweleze alichokiona: nguzo ni nzima, bawaba ya juu imetoka, ubao wa mshazari umewekwa kinyume. Mume anayepata habari za namna hiyo hujua la kufanya, na mara nyingi pesa za bolti hufika kwa M-Pesa jioni ileile. Anayepata sentensi moja tu, "geti lako limekufa," hujibu kama alivyoulizwa.

Na wewe baba ambaye hufunguliwa geti kila jioni, nakuomba jambo moja. Kesho amka saa kumi, ubebe ule mkebe wa maziwa wewe mwenyewe hadi barabarani, mara moja tu. Usitangaze. Nenda tu.

KOMEO LIKAE WAPI?

Kazi ikiisha, geti likiwa limerudi na kufunga kwa kidole kimoja, msipigilie komeo mahali pa zamani bila kufikiri. Mashimo ya zamani yalipimwa kwa geti lililoinama. Tena mara nyingi yalipimwa kwa urefu wa aliyelitengeneza. Mama abebe mkebe uliojaa maji mkono mmoja, tochi mkono mwingine, ajaribu kufungua na kufunga bila kuweka chochote chini. Baba ashike penseli na kutia alama pale mkono wa mama unapofika. Kisha aitwe mtoto anayekwenda shule ya kwanza, ajaribu naye. Akishindwa kufikia, shusheni alama inchi mbili, mjaribu tena.